Umeshamwaga asidi? Betri bado ni sumu

Mtu mwingine wa skrepa hapa Katwe, Kampala, akiniambia tena, "Mzee, hii tumeshaimwaga asidi, haina shida," nitapiga kelele wanisikie mpaka Entebbe.

Naelewa asidi inaogopwa kwa nini. Inatoboa suruali, inaunguza ngozi papo hapo. Risasi, ile metali nzito iliyomo ndani, haiwashi wala hainuki, na ndiyo zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari. Tena hiyo asidi mliyomwaga imeondoka na risasi ndani yake. Sasa sumu iko kwenye betri na iko kwenye udongo wanakochezea watoto, na mtoto hunyonya risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chochote kilicho salama. Na hapana, kunywa maziwa hakuondoi risasi kwenye damu. Tuendelee.

Kinachonikera hasa ni mizani. Mnunuzi hataki kulipia maji makali, anataka kilo za risasi. Basi anamwambia kijana wa mkokoteni amwage kwanza, naye anamwaga mtaroni. Kijana si mjinga, amepiga hesabu. Kanuni zetu za taka za Uganda za 2020, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2019, zinamdai msafirishaji na mhifadhi wa taka hatari leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Vizuri, lakini nani amewahi kuona leseni ikining'inia kwenye mkokoteni? Ningekuwa mimi, ningeanzia kwenye bei: betri inunuliwe nzima na asidi yake, iliyomwagwa ilipiwe kidogo, na anayeuza betri mpya alazimike kupokea ya zamani.

Halafu matanuru ya uani ya kuyeyushia betri. Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327, sufuria na makaa vinatosha. Ila sehemu kubwa ya risasi ya betri ni lile tope la kijivu kwenye sahani za ndani, linalotaka joto la karibu nyuzi 1,000. Fundi hana joto hilo. Anachukua risasi ngumu ya sahani, tope analitupa, likikauka linakuwa vumbi analorudi nalo nyumbani kwenye shati.

Tuyafunge yote? Hapo nasitasita. Kiwanda kinachoweka vichujio vya moshi kina gharama, hivyo hakiwezi kulipa sana, na betri humfuata anayelipa zaidi. Tukifukuza fundi wa Katwe, huenda akahamia kijijini ambako hakuna mkaguzi. Na kiwanda chenyewe si dawa: mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa uliharibiwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, si na sufuria ya mtu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Wewe mwenye betri ya sola iliyokufa, isimamishe wima, vifuniko vikiwa vimefungwa, mbali na jiko na watoto. Mnunuzi akikuambia uimwage kwanza, tafuta mwingine.