Vyama vya lelemama na ushairi ambao haukuingia vitabuni

Mtu akiniuliza vyama vya fasihi vya wanawake katika pwani yetu vilianzia wapi, humtajia Banu Saada na Ibinaal Watan vya Mombasa. Wengi hushangaa, maana majina hayo wameyasikia kwa bibi zao kuwa ni vyama vya ngoma: sare za leso, pilau, vigelegele na ushindani usiokwisha. Vitabu vya historia navyo vimeviweka huko huko, kwenye fungu la ngoma na burudani. Fungu la ushairi amekaa Muyaka bin Haji na wanaume wenzake, na akitajwa mwanamke basi ni Mwana Kupona peke yake, kama kwamba baada yake wanawake walinyamaza miaka mia.

Hawakunyamaza. Kazi yangu ni ushairi wa Kiswahili, hasa ule wa kuimbwa, na kadiri ninavyozidi kuusoma ndivyo ninavyoamini kwamba lelemama ilikuwa na kila kitu ambacho chama cha fasihi huwa nacho: watunzi, wahakiki, hadhira inayojua kanuni, na kazi mpya inayosubiriwa kwa hamu. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika yaliyotungwa.

Kwa wasioijua: lelemama ni ngoma ya wanawake. Wachezaji husimama safu moja wamevaa sare, miguu haina haraka, na uzuri wote uko kwenye mikono na mabega yanayokwenda pamoja taratibu. Haina mrukoruko wala kishindo, na hiyo ndiyo inayoyafanya maneno yasikike. Ngoma ya fujo humeza wimbo. Lelemama iliuacha wimbo wazi, kila neno likafika mpaka kwa aliyekaa mwisho wa ua.

Vyama vyenyewe vilishamiri Mombasa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi karibu na uhuru. Mtu asisahau huo ulikuwa wakati gani. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na mjini kulikuwa na wanawake wengi ambao wao au mama zao walikuwa watumwa, wakiishi mtaa mmoja na mabinti wa koo kubwa. Msikitini hawakuwa na nafasi ya kukutana, barazani wanaume ndio waliokaa. Chama ndicho kilichowakutanisha. Kilikuwa na uongozi wake na vyeo vyake, na cheo kilipandwa kwa kutoa: ukitaka kupanda, uandae karamu, uwalishe wenzako na wageni. Mwanamke asiye na ukoo wa kujivunia aliweza kwa namna hiyo kupata heshima ambayo mtaani asingepewa, ingawa wenye mali walikuwa mbele daima na siwezi kusema kwamba chama kiliondoa tofauti za damu. Kilizilegeza.

Nikizungumza na wazee waliowahi kuimba, sherehe huielezea kwa maneno machache, lakini wakifika kwenye maandalizi hawataki kunyamaza. Wimbo mpya ulikuwa siri. Mtunzi alikuwa mmoja wao, au mshairi wa mtaani aliyeombwa pembeni, mara nyingine mwanamume ambaye jina lake halikutajwa kamwe. Waliujifunza mlango umefungwa, kwa kurudiarudia, mmoja akitangulia na wengine wakiitikia. Na hapo ndipo uhakiki ulipofanyika. Neno zito mno lilipunguzwa, neno lililovuja siri lilibadilishwa, na mstari uliokosa mizani ulijulikana mara moja kwa sababu ulimkwaza mwimbaji. Hakuna aliyehitaji kuhesabu silabi kwa vidole. Ulimi ulikwama, wakajua pana kasoro. Wimbo ukivuja kabla ya siku yake, wapinzani walikuja na jibu tayari, na kwa chama hiyo ilikuwa aibu kubwa.

Umbo lililopendwa ni lile ambalo taarabu imelibeba mpaka leo: beti la mistari mitatu, kila mstari mizani kumi na mbili iliyokatwa katikati sita kwa sita, na kina kimoja mwishoni. Ni umbo fupi. Utenzi unampa mtunzi nafasi ya kueleza, shairi la mizani kumi na sita linampa nafasi ya kujadili. Wimbo wa mistari mitatu hauna nafasi ya kueleza chochote. Lazima upige na uondoke, na kwa hiyo fumbo si pambo ndani yake, ndilo linaloubeba.

Nyimbo halisi zilizowalenga watu sitaziweka hapa, kwa kuwa wajukuu wa waliolengwa wako hai. Nimetunga beti langu mwenyewe kuonyesha jinsi kazi ilivyofanywa:

Mpera wa pale umezaa ndimu,
Jirani wajua, mwenye hafahamu,
Aliyeupanda na ajihukumu.

Mgeni akipita anasikia habari ya mti. Mtaa mzima unasikia habari ya mtoto asiyefanana na baba yake. Hakuna jina, hakuna nyumba, hakuna hata jinsia ya mtu. Mwenye jambo lake akiinuka kwa hasira na kusema "mnanisema mimi", amekiri mbele ya watu wote. Akikaa kimya, wimbo utarudiwa. Njia pekee ya heshima iliyobaki ni kwenda kutunga jibu, na jibu nalo lisitaje jina, na likipita habari ya mpera kwa njia nzuri zaidi, litahesabiwa kuwa limeshinda. Yaani ugomvi wa mtaani ulilazimishwa kuwa ushairi. Aliyeshindwa kutunga alishindwa na kesi.

Wengine huona hapa usengenyaji tu. Naelewa wasiwasi wao, kwani nyimbo hizi ziliwaumiza watu kweli kweli, na wapo waliohama mtaa kwa sababu ya beti moja. Lakini Muyaka naye alishambulia kwa beti, Mombasa na Lamu zikarushiana mashairi ya vita, na leo tunayasoma darasani kwa heshima zote. Sioni sababu ya kupima kwa kipimo kingine kwa kuwa waliotunga ni wanawake na uwanja wa vita ulikuwa ua wa nyumba.

Tuna bahati moja ya majibizano ya aina hii kuhifadhiwa yakiwa kamili, na yanatoka Unguja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880 na kuhamia mjini mwaka 1911, alipoanza kupata jina, walijitokeza wa kumdharau wakaimba:

Siti binti Saadi kawa mtu lini,
Kaja toka shamba na kaniki chini,
Kama si sauti angekula nini?

Naye akajibu:

Si hoja uzuri na sura jamali,
Kuwa mtukufu na jadi kubeli,
Hasara ya mtu kukosa akili.

Beti hizi mbili nimezirudia mara nyingi, na kila mara naona jinsi zilivyo mbali kwa ufundi. La kwanza limetaja jina la mtu na la baba yake katika maneno matatu ya mwanzo. Limetaja shamba, limetaja kaniki, nguo ya watumwa na mafukara. Kila kitu kimewekwa mezani, na hakikubaki kitu cha kufichua. Jibu halikanushi lolote kati ya hayo. Halisemi "sikuja na kaniki", halisemi "baba yangu ni fulani". Linauchukua uzuri na ukoo, vitu ambavyo mshambuliaji alivitegemea bila hata kuvitaja, na kuviondoa thamani katika mistari miwili. Wa tatu unamaliza: mwenye hasara ni asiye na akili. Ni nani huyo? Halina jina. Kila aliyeimba lile la kwanza akijisikia ametajwa, shauri yake. Na angalia mizani: jibu limekaa sita kwa sita sawasawa katika mistari yote mitatu, wakati lile la kwanza linahitaji mwimbaji alibane jina la "binti Saadi" ili litoshe. Mshamba amewafundisha watu wa mjini namna ya kutunga.

Beti hizi zimetufikia kwa sababu Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, na kwa sababu Siti mwenyewe alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kupitia kwake tunazo pia habari ambazo mahakama ilizimaliza vibaya, kama wimbo wa Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kisha akatoroka, huku wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu wakitiwa hatiani. Siti alipata kalamu na santuri. Vyama vilivyokuja baada yake Ng'ambo na Mji Mkongwe, vikiwemo Nuru el Uyuni, Sahib el Arry na vile vilivyojiita Royal Navy na Royal Air Force, havikupata hata kimoja kwa kiasi hicho. Viliimba miaka na miaka, vikapingana, vikatungiana, na sehemu kubwa ya maneno yao ilikaa kwenye vichwa vya watu tu. Watu hao wanakufa.

Na si kweli kwamba wanawake wa pwani hawakujua kuandika. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na wanawake wa Lamu na Pate wakaunakili na kuukariri kizazi baada ya kizazi. Wengi walisoma chuoni na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Zilikuwepo daftari za nyimbo pia, zilizofungwa kwenye makasha pamoja na leso za harusi. Tofauti iko kwenye kile kilichohesabiwa kuwa kinafaa kuhifadhiwa. Utenzi wa mawaidha ulinakiliwa kwa sababu ulikuwa mawaidha. Wimbo wa lelemama ulihesabiwa kuwa wa siku ile, na mwenye daftari alipofariki, daftari lilichomwa na takataka nyingine, au warithi waliliharibu makusudi kwa kuogopa aibu iliyokuwa ndani.

Masheikh wa islahi, yaani waliotaka mageuzi ya dini, walizipiga vita ngoma hizi kwa nguvu, kwa gharama yake na kwa kuwatoa wanawake nje usiku. Kuhusu gharama walikuwa na hoja: zipo familia zilizouza vitu vya ndani ili mama apate cheo. Lakini kilichofuata huonyesha chama kilikuwa kimewafundisha nini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa Mombasa, wengi wao waliotoka kwenye upinzani ule ule wa lelemama, walikuwa wamekwisha kuunda Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association. Wakaingia kwenye elimu ya wasichana, wakadai haki ya kupiga kura. Walijua tayari kuitisha mkutano, kuchanga fedha, kugawana kazi, kusimama mbele ya watu na kusema. Hata upinzani walikwenda nao, kila upande na chama chake.

Dar es Salaam nako habari inafanana. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, TANU ilipotaka sehemu ya wanawake, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini na kuwaomba wawaite watu wao. Ndani ya miezi michache wanawake 5,000 walikuwa wamejiunga. Wanahistoria wa siasa wameliandika jambo hili vizuri. Mimi naongeza moja tu: sauti iliyozoea kuongoza wimbo, kujua lini waitikie na lini wanyamaze, ni sauti iliyokwisha kufundishwa kuhutubia.

Leo ukienda kwenye taarabu utaona bado kipande kimoja cha chama kile. Mwimbaji anafika kwenye mstari fulani, mwanamke anainuka kutoka nyuma, anatembea polepole na noti mkononi, anatunza, na anaporudi anamtazama mtu. Amelichukua beti la mtunzi mwingine na kulifanya kauli yake, hadharani, bila kufungua kinywa. Nimesoma nadharia nyingi kuhusu msomaji na matini, na sijaona mfano ulio wazi kuliko huo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wenye bibi, shangazi au jirani aliyeimba katika chama chochote, kuanzia Lamu hadi Unguja na Tanga. Mkae naye na simu ya kurekodi. Msianze kwa kuuliza "lelemama ilikuwaje", mtapewa majibu ya jumla. Mwombeni aimbe. Kisha muulizeni wimbo uliimbwa na chama gani, mtaa gani, katika sherehe ya nani, na upande wa pili walijibu nini, maana wimbo bila jibu lake ni nusu ya kitu. Habari ya nani alilengwa asipotaka kuisema, muacheni. Andikeni maneno kama anavyoyatamka, kimvita chake au kiamu chake, msimsahihishe. Na kama kuna daftari kwenye kasha, lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa kabla halijahamishwa, hata kama hamwezi kusoma maandishi yake. Wa kuyasoma wapo.