Ganda Likikatwa Haliwi Jipya: Yanayosemwa Vibaya Kuhusu Trima za Kasi

Kijana mmoja aliingia karakanani kwangu hapa Texas na mfuko wa maganda matupu ya risasi za bunduki aina ya .308 Winchester. Hata salamu hazijaisha akasema, "Fundi, nitafutie trima ya kasi kuliko zote. Mikono imechoka."

Trima ni kifaa cha kuifupisha shingo ya ganda lililorefuka, kabla halijajazwa tena. Nikamuuliza anakata mara ngapi.

"Kila nikipiga, fundi. Lakini si neno. Nikishalirudisha urefu wake, ganda linakuwa jipya."

Maneno hayo nimeyasikia kwa watu wengi mno, na safari hii nimeona niyaandike. Nawaandikia walioko Marekani, ambako sheria ya taifa haimdai leseni mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuziuza ndipo leseni inapodaiwa. Ukiwa Kenya au Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, kwa hiyo usinipigie simu kuniuliza habari za presi, ile mashine ya kujazia risasi.

"Nikikata, ganda linakuwa jipya"

Shaba haizai. Ganda likirefuka shingoni, shaba hiyo imetoka mahali fulani, na mara nyingi imetoka kwenye ukuta ulio karibu sentimita moja juu ya kitako. Unachofagia chini ya trima yako ni nyama ya ukuta huo. Trima inarudisha kipimo cha urefu, basi. Unene uliopotea chini haurudi.

Tazama mambo yanavyokwenda ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa kwenye bunduki. Praima, kile kikombe kidogo cha kuwashia baruti kitakoni, ikigongwa, ganda husukumwa mbele. Presha inapanda, kwenye .308 inazidi bari 4,000, na sehemu ya mbele ya ganda inavimba na kung'ang'ania kuta za chemba. Kitako kina shaba nene, hakivimbi hivyo. Chenyewe kinarudi nyuma hadi kiegemee bolti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma. Mbele kumeshikwa, nyuma kunavutwa. Ukuta wa katikati ndio unaolipa. Kisha unalipeleka ganda kwenye kalibu ya kubana, ile inayolirudishia vipimo vyake ili lijazwe tena, linaminywa ubavuni, shaba inapanda juu kwa kuwa haina pengine pa kwenda, na shingo inazidi kurefuka.

Ukubwa wa mvuto huo unategemea umelisukuma bega, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, nyuma kiasi gani ulipobana. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Maelekezo yanayokuja na kalibu nyingi yanasema: ishushe hadi iguse kishikio cha ganda, kisha izungushe kidogo zaidi. Ukifanya hivyo risasi itaingia kwenye bunduki yoyote ya aina hiyo. Lakini wewe huna bunduki yoyote, una yako. Kwa bunduki ya bolti, bega likirudi nyuma 0.05 mm kutoka lilipokuwa baada ya kupigwa, inatosha. Kwa bunduki inayojipakia yenyewe, 0.08 hadi 0.13 mm. Nilipompimia yule kijana, bega lake lilikuwa linarudi zaidi ya mara nne ya kinachohitajika. Kila risasi ilikuwa inalivuta ganda kama mpira.

Kwa hiyo tatizo lake halikuwa trima ya polepole. Urefu wa juu kabisa wa ganda la .308 ni 51.18 mm, na tunakata hadi 50.93. Ni robo milimita tu. Ganda linalobanwa kwa adabu huchukua mizunguko kadhaa ya kupigwa na kubanwa kulijaza pengo hilo. La kwake lililijaza kwa mzunguko mmoja. Na mashine ya kasi ingemwezesha tu kuyapitisha maganda mabovu mengi zaidi kwa saa moja, bila kuyatazama.

Nikachukua klipu ya karatasi, nikainyoosha, nikaikunja ncha iwe kama kucha, nikaipitisha ndani ya ganda moja na kuikwaruza ukutani kutoka chini kwenda juu. Ncha ikanasa. Nikampa ajaribu mwenyewe. Akaenda ganda la pili, la tatu, akanyamaza. Maganda kumi na manane kati ya ishirini yalikuwa na mfereji ndani, na matatu kati ya hayo yalishaonyesha mstari unaong'aa kwa nje. Hilo ni ganda linalosubiri kukatika vipande viwili. Likikatika, bolti inatoka na kitako, nusu ya mbele inabaki chemba, na gesi ya moto inatafuta njia ya kutokea karibu na uso wako. Nimeshatoa nusu-maganda ya namna hiyo kwenye bunduki za watu wawili. Wote wawili walikuwa wanakata urefu kwa uaminifu mkubwa.

Kuna anayeniambia atalipasha moto ganda lilainike. Moto unaisaidia shingo isipasuke. Kitako hakiguswi na moto hata kidogo. Kikilainika umejitengenezea hatari mpya.

Ushauri wangu haujabadilika: kabla ya trima nunua kipimo cha bega, kile kinachofungwa kwenye kalipa, chombo cha kupimia milimita. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na trima ya mota. Paka mafuta kidogo ndani ya shingo pia, maana kile kitufe cha kupanulia shingo kilicho ndani ya kalibu kikivutwa kwenye shingo kavu kinaiburuza na kuirefusha. Baada ya hapo, kama bado unahitaji trima ya kasi, karibu tuzungumze.

"Trima inayopima kutoka begani haiaminiki"

Trima nyingi za mkono hulishika ganda kitakoni na kupima urefu wote. Nyingi za kasi, kama Giraud au ile WFT (World's Finest Trimmer) inayofungwa kwenye drili, husimamisha ganda begani. Basi watu wanapima kwa kalipa, wanaona tofauti ndogo kati ya ganda na ganda, wanakasirika.

Risasi isiyo na ukingo kitakoni, kama .308 au .223 Remington, husimama kwa bega lake ndani ya chemba. Hatari ya shingo ndefu ni kwamba mdomo unagonga mwisho wa nafasi yake, unakibana kichwa cha risasi kisiachie, na presha inapanda. Kinachoamua kama mdomo utagonga ni umbali kutoka begani hadi mdomoni, na ndio huohuo trima ya bega inaoukata. Tofauti unayoiona kwenye kalipa mara nyingi inatoka kwenye ubanaji wako usio sawa. Umeletewa kioo, unakilaumu.

Sharti ni moja: ganda libanwe kwanza, kisha lioshwe mafuta, ndipo likatwe. Mafuta yanakusanya chenga za shaba begani, ganda haliketi mpaka mwisho, na unapata marefu bila kujua. Ukisikia mlio wa mashine umebadilika, simama upulize.

"Sekunde tatu kwa ganda"

Kweli, inakata kwa sekunde tatu. Halafu? Mdomo uliokatwa tu una ukingo mkali nje na ndani, na ukingo wa ndani utakikwaruza kichwa cha risasi unapokisukuma. Kama kisu cha trima yako kinakata tu, na ndivyo ilivyo WFT ya kawaida, bado una kazi mbili za mkono kwa kila ganda. Giraud hukata na kuchonga nje na ndani kwa mpigo mmoja, ndiyo maana bei yake inauma. Anayepiga mia mbili za .223 kwa mwezi ataiona faida. Mwindaji wa swala anayejaza risasi hamsini kwa msimu mzima anunue ya mkono, au ile ya Lee yenye pini inayopita kwenye tundu la praima, abakishe hela za nyama choma.

Uliza pia kubadilisha kutoka aina moja ya risasi kwenda nyingine kunachukua muda gani. Kuna mashine za kasi ambazo zikishapangwa kwa .223 hutaki kuzigusa tena.

Mengine, haraka haraka

Kukata kila ganda kila mara si lazima. Pima baada ya kubana, kata yaliyofika kikomo. Wanaokata yote kila mzunguko wanatafuta usawa, na hilo ni jambo jingine.

Fupi zaidi si salama zaidi. Kwa .223 kikomo ni 44.70 mm na tunakata hadi 44.45, ukishuka sana chini ya hapo unaipunguza shingo inayokishika kichwa cha risasi, na huvuni chochote.

Ukitumia drili, pupa haikufanyi hodari.  Mkono mtulivu, na acha ganda lifike mwisho lenyewe.

Kisu cha kabaidi kinakaa na makali muda mrefu kuliko cha chuma cha kawaida. Hapa wauzaji hawadanganyi.

Maganda ya 9 mm, yale ya bastola? Weka trima chini. Hayo hayarefuki kama ya bunduki ndefu, na yanasimama chemba kwa mdomo wenyewe. Ukiyafupisha umeyaharibu.

Na mtu asikate maganda kwenye chumba chenye zulia. Chenga za shaba zinaingia humo hazitoki, na mtoto anayetambaa atazipata kwa magoti kabla hujazipata kwa fagio la umeme. Masizi ya praima yana risasi, ile metali yenyewe, yenye sumu. Vaa miwani, tandika gazeti, ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chai.

Yule kijana aliondoka bila trima. Maganda kumi na manane nilimminyia midomo kwa koleo palepale asije akajaribiwa, tukaipandisha kalibu yake pamoja, na mawili yaliyobaki akayafunga kwenye leso kama pesa ya sadaka.