Geji ya ndege ya kivita ya zamani hutambuliwaje?

Kutambua geji ya ndege ni kujibu maswali mawili: inapima nini, na ilikuwa ya jeshi gani. Wengi hurukia la tatu, "ilitoka kwenye ndege ipi?", ambalo mara nyingi halina jibu.

Anza na vipimo vilivyoandikwa usoni. Chukua geji ya presha ya hewa inayoingia kwenye injini, ya enzi za Vita Kuu ya Pili. Hewa ni ile ile, ila kila jeshi liliipima kivyake. Waingereza walihesabu pauni kwa inchi ya mraba kuanzia presha ya kawaida ya usawa wa bahari, kwa hiyo geji yao nzima ikiwekwa tu mezani husoma 0. Wamarekani walipima presha yote kuanzia sifuri, kwa inchi za zebaki (kimo cha zebaki ambacho presha hubeba), na yao husoma karibu 30. Ya Wajerumani imeandikwa "ata", kipimo ambacho 1 yake ni karibu sawa na presha ya kawaida ya hewa, na mshale husimama karibu na 1. Hapo nazungumzia Mombasa au Dar es Salaam. Ipandishe Nairobi hiyo ya Kimarekani uone: mshale unashuka hadi kama 25, maana kule juu presha ya hewa ni ndogo. Usidhani imeharibika.

Namba na mishale ikiwa na rangi iliyofifia na kuwa kahawia, huenda ina radiamu, kemikali yenye mionzi iliyotiwa kwenye rangi ili ing'ae gizani. Hata kama haing'ai tena gizani, mionzi bado imo, kwani radiamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Usifungue kioo, wala usiikwangue.

Sasa igeuze. Muhuri wa taji na herufi A.M. ni wa Wizara ya Anga ya Uingereza, lakini wizara hiyo ilidumu hadi 1964, kwa hiyo taji peke yake si ushahidi wa vita. Chenye uzito zaidi ni namba ya stoo. Mfano ni dira ya P8, namba 6A/726: 6A ni fungu la vifaa vya ndege, 726 ni dira yenyewe. Ni bakuli zito lililojaa alkoholi, lililolazwa chini mbele ya rubani, na juu yake pete inayozungushwa yenye nyaya mbili sambamba. Rubani aliweka pete kwenye mwelekeo anaoutaka, kisha akageuza ndege mpaka sindano ilale sambamba na nyaya. Hakuhitaji kusoma namba akiwa angani.

Dira hiyo ilifungwa kwenye Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, na kwenye Hurricane, nyingine yao, vilevile. Namba hutaja kifaa, haitaji ndege. Muuzaji akiapa kuwa yake ni ya Spitfire, na bei ikapanda kwa sababu hiyo, mwombe karatasi za ndege yenyewe.