Ukanda wa Ukuta wa Berlin haukuwa pori

Wageni ninaowatembeza kwenye masalia ya Ukuta wa Berlin, uliougawa mji huo Mashariki na Magharibi, hufika na jambo moja kichwani: watu walitoka kwenye ukanda uliokuwa kati ya kuta zake mbili, wanyama wakapata pepo yao. Juzi nimelisikia mara tatu kwa siku moja. Basi niliandikie.

Hakuna aliyetoka. Katika ukanda ule askari walilinda usiku na mchana, taa ziliwaka mpaka alfajiri, na sehemu nyingine mbwa walifungwa kwenye waya mrefu wakimbie huku na huku. Mchanga ulipigwa reki ili nyayo za anayetoroka zionekane. Magugu yalipuliziwa dawa yasije yakamficha mtu. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwenye Ukuta huo kati ya 1961 na 1989. Ukiita mahali hapo pori, shamba la mkonge nalo uliite msitu. Wala haikuwa ardhi isiyo na mwenyewe: yote ilikuwa ya Ujerumani Mashariki, hata mita chache zilizobaki nje ya Ukuta upande wa Magharibi.

Ni kweli sungura walijaa, hasa Potsdamer Platz, uwanja wa katikati ya mji. Lakini tazama kilichowafaa: udongo wa Berlin ni wa kichanga na huchimbika kirahisi, majani mafupi yalikuwapo, na msongamano wa watu na magari haukuwafikia. Huyo ni mnyama mmoja aliyepata upenyo. Wingi wa sungura hauonyeshi kwamba mazingira yalikuwa mazima, na hili ndilo ninalowaomba wageni wangu walishike kuliko yote.

Mkitaka pori la kweli la mpaka ule, ulizeni habari za Lenné-Dreieck, pembetatu ya hekta 4 hivi karibu na Potsdamer Platz. Ilikuwa mali ya Mashariki, lakini Ukuta uliiacha nje, upande wa Magharibi. Polisi wa Magharibi hawakuwa na mamlaka pale, na reki ya askari wa Mashariki haikufika. Vichaka vikaota, ndege wakaja. Mwaka 1988 pande mbili zilikubaliana kubadilishana ardhi, pembetatu hiyo iende Magharibi, na vijana wakapiga kambi kupinga barabara iliyopangwa kupita hapo. Polisi walipoingia tarehe 1 Julai, watu kama 200 waliruka Ukuta kukimbilia Mashariki.

Mengine wanayoyasema wageni nayajibu kwa ufupi. Sungura hawakulipuliwa na mabomu ya ardhini: mabomu hayo yalitegwa kwenye mpaka mrefu kati ya Ujerumani mbili, si kwenye Ukuta wa Berlin. Hawakuwa wa kufugwa waliotoroka, ni sungura pori wa Ulaya. Na Ukuta ulipoanguka hawakuisha. Walipoteza makao majengo yalipoanza kupanda, wengine wakahamia bustani za jirani.

La mwisho hutoka kwa Waswahili wenzangu: kwamba huyu ndiye Sungura wa hadithi zetu. Jina tumewapa moja, wanyama ni wawili. Sungura wa nyikani kwetu hachimbi shimo. Hujilaza kwenye nyasi, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Wa Berlin huzaa chini ya ardhi, watoto uchi na vipofu. Kwenye mchanga uliopigwa reki, yule wetu asingekuwa na pa kulala.