Ramani Ikitoka kwa Mpimaji, Inakwenda kwa Nani?

Mfugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, anaweza kulipwa na kampuni ya bima kwa sababu ya ukame bila afisa yeyote kufika bomani kwake kuhesabu mizoga. Bima ya namna hiyo ilianza Marsabit mwaka 2010, ikiwa imebuniwa na watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) pamoja na washirika wao. Malipo ya kwanza yalitoka mwaka 2011, katika ukame uliowaumiza sana wafugaji wa kaskazini. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya nayo ikaanzisha mpango wake kwa njia hiyohiyo, ikianzia Turkana na Wajir.

Kinachoamua malipo ni picha za setilaiti. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halioni. Setilaiti hupima tofauti ya aina hizo mbili za mwanga, na hesabu inayopatikana hueleza malisho ni mabichi kiasi gani. Eneo lilelile hupimwa msimu hadi msimu, mwaka hadi mwaka. Malisho yakishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, wenye bima wote wa eneo hilo hulipwa. Hapo mwanzo fidia ilikadiriwa kwa kufuata vifo vya mifugo. Baadaye utaratibu ukabadilishwa ili fedha zifike mapema, mfugaji anunue majani, maji na dawa ng'ombe wakiwa wangali hai. Kwa maoni yangu badiliko hilo ni kubwa kuliko setilaiti yenyewe.

Liko jambo la kusemwa wazi hapa. Kipimo ni cha eneo zima, si cha boma moja. Upande wako ukikauka huku wastani wa eneo ukiwa mzuri, hupati kitu. Anayeuza bima hiyo ana wajibu wa kumweleza mteja hivyo kabla hajapokea shilingi yake.

Nimeanza na bima makusudi, kwa kuwa wengi wakisikia habari za ramani hufikiria hati za viwanja na barabara tu. Fani yetu ya upimaji na ramani inashughulika na taarifa yoyote iliyoambatanishwa na mahali pake. Nguzo ya umeme, kisima, zahanati, mgonjwa wa kipindupindu: vyote vikishapewa kodineti, yaani namba zinazoonyesha mahali vilipo, vinaweza kupangwa kwenye kompyuta tabaka juu ya tabaka, na hapo huonekana mambo ambayo daftari haliwezi kuyaonyesha.

Dar es Salaam ilijifunza hilo kwa uchungu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na sehemu kubwa ya makazi yanayofurika yalikuwa yameota bila mpango, hayamo kwenye ramani yoyote inayofaa kwa kazi ya uokoaji. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani wakiwa na simu na picha za droni, wakiongozwa na wakazi wenyewe. Walipima mitaro: upana wake, kina chake, imejengwa kwa vifaa gani, imeziba au inapitisha maji. Waliwauliza wakazi maji yalifika wapi. Wakawafuata pia wajumbe wa mashina, yaani viongozi wa vikundi vidogo vya nyumba mtaani, kwa sababu mipaka ya mashina haikuwa imechorwa popote. Mjumbe ndiye aliyejua nyumba ya mwisho ni ipi. Tahadhari ya mafuriko ikitolewa, mjumbe ndiye anayegonga milango, kwa hiyo ramani isiyo na shina lake haimsaidii. Taarifa hizo ziliwekwa wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, na mhandisi wa mifereji au mtoa misaada anaweza kuzichukua bila kulipa.

Zanzibar nako, kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ilirusha droni kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakashiriki. Watafiti wa malaria wametumia picha za droni visiwani humo kutafuta maji yaliyotuama, yakiwemo ya mashamba ya mpunga, ili dawa ya kuua viluwiluwi ielekezwe pale mbu wanapozaliana.

Rwanda ilikwenda kwa upana zaidi. Kati ya 2009 na 2013 viwanja na mashamba zaidi ya milioni 10 yaliwekewa mipaka kwa kuchora juu ya picha za anga, mwenye shamba na majirani zake wakiwa wamesimama hapohapo. Na bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Kila mahali njia hiyo inapopinda kwenye ramani panaamua nani atahamishwa, nani atalipwa fidia na mto utavukwa wapi.

Sasa niseme linalonikosesha usingizi zaidi. Ramani nyingi za zamani za Kenya, Tanzania na Uganda zilichorwa kwa mfumo wa rejea (msingi ambao kodineti huhesabiwa kutoka kwake) uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Namba zilezile za latitudo na longitudo, ukizisoma katika mifumo hiyo miwili, huangukia sehemu zilizoachana kwa takriban mita 300. Kompyuta haitakuonya. Leseni ya uchimbaji madini ya hekta 10 ikiwa ya mraba, kila upande una kama mita 316. Kosa hilo moja linatosha kumhamisha mchimbaji mdogo kutoka kwenye leseni yake hadi kwenye leseni ya jirani. Ukiletewa kodineti bila kutajiwa mfumo, zirudishe kwa aliyezileta.

Simu nayo ina mipaka yake. Chini ya anga wazi hukosea kwa kama mita 5, na kati ya majengo marefu au chini ya miti hukosea zaidi. Kwa kazi nyingi hiyo inatosha: mwaka 2020, nzige walipovamia Kenya, makundi yao yaliripotiwa kwa programu ya simu, na mita 5 si kitu kwa kundi linalofunika kijiji. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20, mita 5 ni robo ya upande. Mpima ardhi mwenye leseni hutumia vipokezi viwili vya mawimbi ya setilaiti, kimoja kikikaa juu ya alama inayojulikana, akapata usahihi wa sentimita chache. Anayekuuzia kiwanja akikuonyesha alama ya buluu kwenye simu kuwa ndio ushahidi wa mpaka, mdai ramani ya upimaji iliyoidhinishwa pamoja na namba za bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini, kisha mwende wote kiwanjani mkazitafute.