Bondeni hatujapasahau

Kila msimu wa kupanda miti, lazima mtu aniulize: "Bwana miti, hapa bondeni pana rutuba na maji tele, mbona mmeparuka?" Mara nyingi ni mkulima anayepakana na Shamba la Miti Sao Hill, Mufindi, na hesabu zake ni za mbao. Mti wa bondeni hunenepa upesi.

Hunenepa kweli, lakini kwa maji ambayo yangeingia mtoni. Mito ya Mufindi huishia Rufiji: Ruaha Mdogo kwa kupitia mabwawa ya Mtera na Kidatu, mingine ikishukia Kilombero. Sehemu kubwa ya vilima hivi ilikuwa nyasi kabla ya upandaji mkubwa. Nyasi hukauka kiangazi na kuacha kunywa. Mpaina una majani mwaka mzima, na mlingoti (mkaratusi) ndiyo kabisa. Tusidanganyane kwamba kila mti huleta maji. Kilimani tunakubali hasara hiyo kwa sababu tunataka mbao na nguzo. Bondeni hapana, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Kuna jingine ambalo wengi hulikosea: tope. Watu hulaumu msumeno. Nenda mvua ikikatika ukaangalie palipovunwa. Matawi na sindano za mpaina zilizolala chini zimeyapunguza maji kasi, yanapita bila kuchafuka sana. Sasa fuata barabara ya malori. Matairi yamechimba mifereji miwili inayoteremka moja kwa moja hadi darajani, na hapo ndipo mto unapogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo maana tunachimba michirizo ya kuyachepusha maji ya barabara yamwagike msituni, na magogo tunapendelea yaburuzwe kupandisha, yasielekezwe mtoni. Ni kazi ya koleo tu, wageni hawaipigi picha.

Kama tayari una milingoti kwenye chanzo cha maji, kuikata mara moja hakutoshi, maana kisiki huchipua. Rudi kila baada ya miezi michache uyakate machipukizi mpaka kichoke. Usiking'oe, mizizi yake bado inashikilia ukingo. Pembeni panda mivengi, miti ya asili ya penye maji, nayo ikishika ndipo ukiache kisiki kioze chenyewe.