Malkia wa usiku si mmea wa jangwani

Hapa Mombasa imezoeleka kusemwa kwamba kila kaktasi ni mmea wa jangwa, hivyo iwekwe kwenye jua kali na inyimwe maji. Kwa kaktasi ya malkia wa usiku, Epiphyllum oxypetalum, ushauri huo ni kosa, na inasikitisha kuona mimea mizuri ikiteketea kwa sababu yake. Asili yake ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambako huota juu ya matawi ya miti, penye kivuli chepesi na unyevu hewani. Ndiyo maana jua la adhuhuri huyababua mashina yake bapa, ambayo wengi huyadhani kuwa majani. Ukiyatazama kwa karibu utaona mapengo madogo ukingoni, na humo ndimo matumba hutokea, kisha ua jeupe huchanua usiku na kunyauka alfajiri.

Joto la pwani linaufaa, mradi uwekwe barazani panapofika jua la asubuhi, katika udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa ili maji yasituame. Umwagilie udongo wa juu unapokauka, ikiwezekana kwa maji ya mvua, kwa kuwa maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi.